Umbo la Hunt, Jina la Aronow

Kuna boti inaitwa Sigara. Wenyewe Wamarekani wanaiandika Cigarette, na jina hilo limesambaa mno hata wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni jina la kampuni moja tu. Boti yoyote ndefu, nyembamba, yenye omo iliyochongoka kama mkuki na injini mbili au tatu zinazonguruma nyuma, basi watu watakwambia ni sigareti. Magazeti yameandika hivyo, maofisa wa forodha wameandika hivyo katika ripoti zao, na wauza magendo nao wamekubali.

Muulize shabiki wa boti hizo nani aliyeanzisha Sigara, atakutajia Don Aronow bila kusita. Atakusimulia mbio zake, magari yake, na jinsi alivyopigwa risasi mchana kweupe. Sasa muulize lile umbo la chini, ile sehemu inayokata maji, nani aliyelichora. Hapo ndipo kimya kinaanza. Mimi makala haya nayaandika kwa sababu ya kimya hicho.

Tuanze na maji yenyewe. Yeyote aliyepanda boti ya kasi wakati bahari imechafuka anajua lile pigo. Boti inaruka juu ya wimbi, inakaa hewani kidogo, kisha inashuka na kupiga maji kama kofi. Ukiwa umesimama magoti yanauma, ukiwa umekaa ni mgongo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mpaka miaka ya 1950, boti nyingi za kasi zilikuwa na omo yenye umbo la V, lakini kadiri unavyokwenda nyuma ile V ilizidi kulala, hata ukifika kwenye tezi chini pamekuwa bapa kama sinia. Ubapa huo una faida yake. Boti yenye chini bapa inapanda juu ya maji upesi na haihitaji nguvu nyingi. Kwenye ziwa lililotulia ni starehe tupu. Kwenye bahari wazi ni mateso, na nahodha mwenye akili hupunguza mwendo kabla boti haijapasuka.

C. Raymond Hunt, mtu wa pwani ya Massachusetts aliyezaliwa mwaka 1908, alikuwa mchoraji wa vyombo asiye na shahada ya uchoraji wa vyombo. Alikuwa mwana-tanga hodari. Mkono wake ulishiriki katika boti ndogo maarufu ya Boston Whaler iliyotoka mwaka 1958, na mwaka huo huo jahazi lake la mashindano, Easterner, lilikuwa likigombea nafasi ya kuiwakilisha Marekani katika Kombe la Amerika pale Newport. Hunt alifanya jambo ambalo ukilieleza leo linaonekana dogo. Aliichukua ile V ya mbele akaiendesha mpaka nyuma kabisa bila kuilaza. Pembe yake ilikuwa kama nyuzi 24 kila upande, kutoka katikati ya boti hadi tezini. Halafu akabandika mistari ya mbao iliyoinuka, inayokwenda kwa urefu wa boti chini ya maji, ili maji yanayopanda ubavuni yatupwe pembeni na wakati huo huo yaisukume boti juu.

Bei ya umbo hilo ni kwamba boti inataka injini yenye nguvu zaidi, na ikisimama inayumba ubavu kwa ubavu kama mlevi. Lakini ikishakimbia, inaposhuka kutoka kwenye wimbi haipigi maji. Inayapasua, inaingia taratibu, pigo linagawanyika. Nahodha haachi kasi.

Pale Newport mwaka 1958, boti ndogo ya Hunt ya futi 23 ilikuwa ikilihudumia jahazi la Easterner, kuvuta na kupeleka vifaa. Bahari ilikuwa na fujo, boti nyingine zinajikongoja, hii inapita tu. Dick Bertram, mfanyabiashara wa boti kutoka Miami ambaye naye alikuwa mwana-tanga, aliiona. Akaagiza yake, kubwa zaidi, ya mbao, kama futi 30. Akaiita Moppie, jina ambalo mkewe aliitwa nyumbani.

Mwezi Aprili 1960 Moppie iliingia katika mbio za Miami hadi Nassau, visiwa vya Bahama. Mbio hizo zilikuwa zimeanza mwaka 1956, kama maili 180 hivi za bahari ambayo haina adabu, maana mkondo wa Ghuba unapita hapo, na upepo ukivuma kinyume cha mkondo mawimbi yanasimama wima. Siku hiyo yalikuwa ya futi 8. Usukani alishika Sam Griffith, jamaa aliyesifika kwa kutoijua hofu, na ndani walikuwamo Bertram mwenyewe na Carleton Mitchell, mwana-tanga mwingine mwenye jina kubwa. Walifika Nassau kwa saa 8. Boti ya pili ikafika saa 2 baadaye, na hiyo ya pili, tafadhali zingatia, nayo ilikuwa ya Hunt, ya futi 23, mkononi mwa kijana mhandisi Jim Wynne. Wengine waliosalia walifika kesho yake.

Nimesoma habari za mbio nyingi na sijaona nyingine iliyomaliza ubishi namna hii. Kwa kawaida kitu kipya kinashinda leo, kesho kinashindwa, watu wanabishana miaka kumi. Hapa ilitosha siku moja.

Bertram hakulala. Moppie ilikuwa ya mbao, lakini ulikuwa wakati wa faibaglasi, na faibaglasi inabadili biashara nzima ya kuunda vyombo. Mbao inamtaka fundi kila mara: kila ubao unapindwa, kila taruma linachongwa upya, boti ya pili haifanani sawasawa na ya kwanza. Faibaglasi inataka kalibu. Unachukua boti moja iliyo nzuri, unaifunika, unapata kalibu yenye umbo lake, kisha ndani ya kalibu hiyo unatandika vitambaa vya nyuzi za kioo na kumwagia utomvu unaoganda. Unazaa boti ya kwanza, ya kumi, ya mia, zote pacha. Kutokana na Moppie ikapatikana kalibu ya Bertram 31, iliyoonyeshwa New York mwaka 1961, nayo ikawa moja ya boti zilizonunuliwa na kupendwa kuliko zote za wakati wake.

Na Hunt je? Alitaka kulikatia umbo lake hataza. Akakwama. Sheria ya Marekani ilisema kitu kikishatangazwa hadharani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba hataza, haki imepotea, na umbo lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa gazetini, watu wameliona. Basi likawa la kila mtu. Kuanzia siku hiyo V yenye kina ilikuwa kama hewa: kila karakana ikaivuta, na mwenyewe hakulipwa kwa pumzi hata moja.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Huku pwani kwetu jahazi huwa na jina, limeandikwa ubavuni au kwenye ubao wa tezi kwa rangi nzuri. Ni jina la mapenzi, la dua, la kijembe kwa jirani, au la mtoto wa mwenye chombo. Jina la fundi aliyeliunda huwezi kuliona. Ukienda Matondoni, kile kijiji cha Lamu kinachojulikana kwa mafundi wa vyombo, watu wakitazama mkuku na mkunjo wa ubao watakwambia hii kazi ya fulani. Wanajua kwa macho. Fundi anatambulikana na wenzake, na wenzake wakifa, basi. Siku za kwanza nilidhani hiyo ni shida yetu sisi tusioandika. Kumbe hata kule wanakoandika kila kitu, penye mahakama na ofisi ya hataza, mchoraji wa umbo kubwa kuliko yote ya boti za kasi alibaki pale pale walipo mafundi wa Matondoni.

Sasa aingie Aronow.

Don Aronow alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1927, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akawa baharia wa meli za mizigo. Baadaye akajenga nyumba New Jersey, akapata fedha nyingi akiwa bado kijana, akahamia Florida kupumzika. Kupumzika kulimshinda. Mwaka 1962 aliingia mbio za Miami hadi Nassau na boti aliyoiita Claudia, jina la binti yake, akamaliza wa nne. Wa nne! Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kufika salama. Yeye akaamua kuunda boti zake mwenyewe.

Hakuwa mchoraji. Hili lazima lisemwe, maana hadithi zinazosimuliwa zinamfanya aonekane alikaa usiku na kalamu. Wachoraji walikuwa Jim Wynne, yule yule wa boti ya pili ya 1960, na mwenzake Walt Walters. Wynne huyu alikuwa mtu wa ajabu: mwaka 1958 alivuka Atlantiki kwa boti ndogo yenye injini za kupachika nyuma, na mwaka uliofuata kampuni ya Volvo ya Sweden ilianza kuuza mfumo aliobuni yeye, wa injini kukaa ndani ya boti na mguu wa rafadha kutoka nje kwa nyuma. Boti maelfu kwa maelfu duniani zinaendeshwa kwa mtindo huo. Jina lake wanalijua wahandisi.

Alichokuwa nacho Aronow ni vitu viwili. Kwanza, alikuwa dereva asiye na huruma, kwa boti, kwa wapinzani, na kwa mwili wake mwenyewe. Alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za bahari kuu mwaka 1967, akarudia mwaka 1969, na mwaka huo huo wa 1969 akashinda mbio maarufu za Waingereza kutoka Cowes hadi Torquay. Pili, alielewa kabla ya wenzake kwamba mnunuzi wa boti ya kasi hanunui boti. Yule daktari wa Miami au mwenye hoteli hatakwenda Nassau katika mawimbi ya futi 8 hata ukimlipa. Anataka kufunga boti yake gatini Jumapili, watu wageuke, mmoja aseme, “Hiyo ndiyo iliyoshinda.” Kwa hiyo Aronow alishinda Jumamosi, akauza Jumatatu.

Kampuni yake ya kwanza aliiita Formula. Boti yake ya futi 23 na inchi 3, iliyochorwa na Wynne na Walters, ilisifiwa sana. Watu wakaanza kupanga foleni. Basi hapo hapo, mwaka 1964, akaiuza kampuni. Jina likaenda na mnunuzi. Mwaka huo huo akaanzisha nyingine, Donzi, kutokana na rafiki aliyekuwa akimwita “Don Zee”. Nayo baada ya muda mfupi akaiuza. Mwaka 1966 Magnum. Mwaka 1968 akaiuza. Kisha Cigarette.

Tazama mchezo ulivyo. Kila mnunuzi alitoa fedha nzuri akijua amenunua siri ya ushindi. Alipewa karakana, kalibu, wafanyakazi na jina. Halafu baada ya miezi kadhaa anasikia ngurumo, anatoka nje, anamwona yule bwana aliyemuuzia amefungua karakana nyingine mtaa huo huo, ameandika jina jipya mlangoni, na wateja wanaingia kule. Sifanyi utani kuhusu mtaa. Donzi, Magnum, Cigarette, zote zilikuwa kwenye barabara moja fupi kaskazini mwa Miami, Northeast 188th Street, yenye mfereji wa maji unaotoka baharini. Watu waliuita Thunderboat Row, yaani safu ya boti za ngurumo. Kampuni zilizozaliana pale zilishindana kwa kutumia umbo lile lile la Hunt, lililochezewa kidogo, hapa pembe imepunguzwa, pale omo imerefushwa.

Ukiniuliza, hapo ndipo palipo ubunifu wa kweli wa Aronow, na sisemi kwa kejeli. Aligundua kwamba jina linaweza kuundwa kama boti inavyoundwa, likatolewa kwenye kalibu, likapakwa rangi, likauzwa, na kalibu ikabaki kwake. Kalibu ilikuwa yeye mwenyewe.

Jina la Sigara lina asili yake. Kati ya mwaka 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani, na kando ya bahari ya New York walikuwepo watu waliopokea pombe kutoka meli za nje na kuiingiza kwa boti za kasi. Aronow alisimulia kwamba utotoni huko Brooklyn alisikia habari za boti iliyoitwa Cigarette, iliyokuwa ikiwapora wapitisha magendo wenyewe. Mwizi wa wezi! Jina hilo alilipa boti ya futi 32 aliyoshindia mwaka 1969, na kampuni ikalirithi. Nani angefikiri kuiita boti ya tajiri jina la chombo cha majambazi? Lakini angalia lilivyofanya kazi. Wateja wake walikuwa Shah wa Iran, Mfalme Hussein wa Jordan, na George Bush mkubwa, ambaye alikuwa na Cigarette yake ya futi 28 hata alipokuwa Makamu wa Rais.

Jina likaita wenyewe. Miaka ya 1970 bangi na baadaye kokeini zilianza kumiminika Florida kutoka kusini. Meli inasimama mbali, boti zinakwenda usiku kuchukua mabunda. Boti gani inaweza kukimbia usiku, imebeba mzigo, bahari imechafuka, na kuziacha nyuma boti za serikali? Ile ile iliyochorwa na Hunt kwa ajili ya bahari mbaya. Umbo halikujua linabeba nini. Sigara ikarudi kwenye kazi ya babu yake.

Wakati huo huo televisheni ikamaliza kazi. Mchezo wa Miami Vice, ulioanza mwaka 1984, ulimpa mpelelezi wake boti ya kasi, na kuanzia msimu wa pili ikawa Scarab ya futi 38 ya kampuni ya Wellcraft. Kampuni ikauza boti zilizopakwa rangi zile zile za kwenye mchezo. Kwa hiyo Jumapili gatini ungeweza kumwona mtu mwenye mali halali, katika boti iliyoigwa kutoka kwa mpelelezi wa kubuni, aliyejifanya muuza dawa katika mchezo, aliyeendesha boti ya wauza dawa wa kweli waliopenda boti za mashindano. Nimejaribu kuifungua fundo hii ikanishinda.

Lakini Scarab ilikuwa na heshima yake kabla ya televisheni. Mwaka 1977 mwanamama mmoja wa California, Betty Cook, tena aliyekuwa na wajukuu, alichukua ubingwa wa dunia akiwa na Scarab ya futi 38 aliyoiita Kaama. Mwaka 1979 akaurudia. Kaama ndilo jina wanalomwita kongoni kule kusini mwa Afrika. Alikuwa mwanamke peke yake katikati ya wanaume waliodhani mchezo huo ni wa misuli, akawapita. Habari zake zinastahili makala yake, nami nitaiandika Mungu akipenda.

Nirudi kwenye wizi wa umbo, maana haukuishia kwa Hunt. Nimeeleza jinsi kalibu inavyotoka kwenye boti iliyokamilika. Sasa fikiri: nini kinanizuia mimi kununua boti yako mpya dukani, kuipeleka kwangu, kuifunika, kutoa kalibu, na wiki chache baadaye kuuza boti ile ile kwa jina langu na kwa bei ya chini, maana mimi sikulipa mchoraji? Hakuna kilichozuia. Mafundi wa Florida walikuwa na neno lao la kejeli kwa kazi hiyo, kama vile boti imerushiwa maji tu ikazaa. Mwaka 1983 jimbo la Florida likatunga sheria kuikataza. Kampuni moja ya jimbo hilo, Bonito Boats, iliyokuwa ikiuza boti ya starehe tangu mwaka 1976 bila hataza yoyote, ikawashtaki Thunder Craft wa Tennessee kwamba wameinakili. Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwezi Februari 1989 majaji wote wakakubaliana, Jaji Sandra Day O'Connor akiandika hukumu: kitu kisicho na hataza kikishauzwa hadharani ni mali ya umma, na jimbo halina uwezo wa kukirudishia uzio ambao sheria ya nchi nzima haikukiwekea. Bonito wakashindwa.

Ilichukua miaka 9 mingine kabla bunge la Marekani halijatunga sheria maalum, mwaka 1998, inayompa mwenye umbo jipya la boti ulinzi wa miaka 10 akiliandikisha. Hunt alikuwa amefariki mwaka 1978. Sina hakika kama angefurahi. Naona hukumu ile ya 1989 ina haki ndani yake, maana lau Hunt angelifungia umbo lake mwaka 1960, ni mabaharia wangapi wangeendelea kupigwa na mawimbi miaka 17 wakisubiri hataza iishe? Lakini pia namwona mtu aliyechora, na wengine wakanenepa. Yote mawili ni kweli na hayapatani.

Kwenye mbio zenyewe, V ya Hunt haikutawala milele. Waingereza wa kampuni ya Cougar, James Beard na Clive Curtis, walileta boti za miili miwili, ambazo hewa hunaswa katikati ya miili hiyo na kuinyanyua boti mpaka inakaribia kuruka. Kufikia miaka ya 1980 bila miili miwili hukushinda kwenye maji yaliyotulia. Lakini kinachokaribia kuruka, siku nyingine huruka. Tarehe 3 Oktoba 1990 Stefano Casiraghi, mume wa Binti Mfalme Caroline wa Monaco, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, alifia kwenye boti yake ya miili miwili karibu na nyumbani ilipopinduka; mwenzake alipona. Baada ya hapo vyumba vya madereva vilifunikwa na mikanda ikakazwa. Ghuba nayo ikaingia: Victory Team ya Dubai ilianzishwa mwaka 1989, mwaka 1993 Khalfan Harib akawa bingwa wa dunia, na boti walikuwa wakiziunda wenyewe, kwa ubora ambao baadhi ya washindani wao nao walikuja kuendesha boti zilizotoka karakana hiyo hiyo. Aronow angeelewa biashara hiyo.

Asingeiona, hata hivyo. Mwaka 1982 aliiuza Cigarette. Kama kawaida yake akaanzisha nyingine, USA Racing Team, na safari hii mteja alikuwa serikali. Forodha ya Marekani ilitaka boti za kuwakimbiza wale waliokuwa wakikimbia na boti zake za zamani. Akawaundia boti za miili miwili za futi 39 zilizoitwa Blue Thunder, na Bush, aliyekuwa akisimamia vita dhidi ya dawa za kulevya Florida, alikuja kuijaribu mwenyewe. Mwaka 1985 Aronow akaiuza kampuni hiyo kwa Ben Kramer, dereva wa mashindano ambaye fedha zake zilitoka kwenye bangi. Forodha walipokataa kununua boti za polisi kutoka kwa mwizi, Aronow akairudisha kampuni mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza jina aliloliuza likarudi nyumbani, na halikurudi peke yake.

Tarehe 3 Februari 1987, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 60, alikuwa akitoka kumtembelea rafiki katika karakana moja ya mtaa ule ule wa 188. Gari jeusi likasimama sambamba na Mercedes yake nyeupe. Akapigwa risasi kadhaa. Alikufa katika mtaa ambao karibu kila mlango wake uliwahi kuwa wake.

Kramer alifungwa maisha mwaka 1988 kwa kesi ya bangi. Mwaka 1989 rafiki alitua gerezani na helikopta kumchukua. Ikanasa kwenye waya wa uzio, ikaanguka. Mpiga risasi, Robert Young, na baadaye Kramer mwenyewe, hawakuyapinga mashtaka ya kifo cha Aronow, mmoja mwaka 1995, mwingine mwaka 1996. Karakana za mtaa ule zimekwisha, maghorofa ya kukaa watu yamepanda mahali pake.

Majina yapo. Formula ilinunuliwa mwaka 1976 na familia moja ya Indiana, na boti zake huundwa Decatur, bara kabisa, mamia ya maili kutoka kwenye maji ya chumvi. Magnum ikaenda kwa mwungwana wa Kitaliano, kisha kwa mjane wake. Cigarette ikabadili mikono mara kadhaa, na mwaka 2010 ikafunga urafiki na AMG, tawi la magari ya kasi la Mercedes, rangi ya boti ikifananishwa na rangi ya gari. Na wachoraji wa ofisi aliyoiacha Hunt wameendelea kuchora boti za marubani wa bandari, wale wanaotoka katika hali yoyote ya bahari kwenda kupokea meli. Boti hizo hazina mbwembwe. Chini yake ni ile V.

Kuna siku nitaandika riwaya, na ikiwa ya watu hawa haitaanza na gari jeusi, ingawa wenzangu watasema huo ndio mwanzo. Itaanza Nassau, Aprili 1960. Moppie imefungwa gatini. Griffith, Bertram na Mitchell wamelowa, wanatazama baharini kuona wenzao wako wapi. Saa nzima inapita hakuna kitu. Saa ya pili inapita. Kisha kwa mbali inatokea boti moja ndogo, ya futi 23, na wanapoitambua wanaona nayo ni ya Hunt.